Anayeonja Kwanza

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, sikujua kwamba kuna watu duniani wanaokula asali bila kuuliza nani aanze. Kwa Koko, bibi yangu mzaa mama, jambo hilo lilikuwa na uzito wa kesi. Tuliishi wawili tu, nje ya mji wa Kitengela, upande wa barabara ya Isinya, wakati ambapo ungeweza kusimama mlangoni ukaona swara mahali ambapo leo kuna maghorofa. Nyuma ya nyumba yetu ya mabati Koko alikuwa na mizinga minne, ile ya mbao inayoning'inizwa kwa waya kati ya nguzo mbili. Mizinga aliipata kwenye chama cha akina mama. Imani aliyoambatanisha nayo aliirithi kwa mama yake, aliyekuwa Mdorobo, na Wadorobo ndio watu wa asali tangu zamani.

Imani yenyewe ilikuwa fupi. Nyuki wakijaza mizinga kupita kawaida, kuna mgeni. Hawajazi namna hiyo kwa ajili ya wenye nyumba, maana wenye nyumba wameshazoea njaa yao. Na asali ya kujaa hivyo, anayeionja kwanza ndiye mgeni mwenyewe, hata kama kitovu chake kilizikwa hapo hapo bomani. Kwa hiyo Koko akivuna, asali haikuguswa mpaka apite mtu wa nje, hata akiwa jirani tu aliyekuja kuomba chumvi.

Ushahidi alikuwa nao. Mjomba wangu Lemayian, kitinda mimba wake, aliwahi kulamba kisu siku ya kuvuna akidhani hakuna aliyemwona. Kabla mwaka haujaisha akachukuliwa jeshini. Tangu hapo akawa mtu wa Krismasi. Anakaa kwenye kiti cha wageni, hata viatu havui, na anauliza choo kiko wapi kana kwamba si yeye aliyekichimba.

"Umeona?" Koko alikuwa ananiambia akishaondoka. "Kisu moja tu."

Nilikuwa nimeona. Kwa umri wangu huo ulikuwa ushahidi wa kumfunga mtu.

Mama yangu hakuwepo. Alinizaa akiwa bado kwa wazazi wake, na kwa desturi yetu mtoto wa namna hiyo ni wa boma la babu yake, hakuna wa kumdai. Nilipofika miaka minne alikwenda Illasit, kule karibu na Loitokitok, kufanya biashara ya vitunguu. Alisema ni msimu mmoja. Misimu ikapita mitano, nami nikabaki naye kwenye simu. Koko ananipa ile simu yake ndogo, Mama ananiuliza kama nimekula, nasema nimekula, ananiuliza kama nasoma, nasema nasoma, halafu kredi inaisha. Sura yake ilikuwa imeanza kunitoka. Kilichobaki ni sauti, na hata hiyo niliichanganya na sauti ya mwanamke wa redioni.

Mwaka ninaousimulia ulitanguliwa na kiangazi kilichomaliza ng'ombe. Koko alikuwa nao kumi na mmoja. Mwishowe akabaki mmoja, naye kila asubuhi tulimwinua, mimi nikisukuma mbavuni na Koko akivuta mkia, mpaka asubuhi moja hakuinuka. Hatukulia. Tulikuwa tumelia kwa wa tatu na wa nne, na kwa wa mwisho hakukubaki kitu. Tulimwangalia, kisha Koko akaenda kupika turungi, kwani maziwa yalikuwa yameondoka na wenyewe. Ile ganzi iliyotuingia wakati huo sidhani kama imewahi kunitoka yote.

Nyuki peke yao ndio waliovuka. Koko aliwawekea maji ya sukari kwenye sahani chini ya mizinga, na vijiti juu yake wasizame. Sisi tulikunywa turungi bila sukari ili nyuki wapate. Nilipolalamika aliniambia nikijifunza kutoa asali na mimi nitawekewa.

Halafu mvua ikanyesha, na oiti ikachanua. Oiti ni ule mgunga mfupi wenye miiba ya kunasa nguo, unaochukiwa na kila mtu mpaka siku unapotoa maua. Ilichanua yote kwa pamoja, nyeupe, mpaka kule bondeni.

Dalili ya kwanza niliiona mimi. Sahani ya maji ya sukari ilikuwa imejaa sisimizi, na hakuna nyuki hata mmoja aliyeitazama. Koko alipoona akaimwaga. Siku zilizofuata tulikaa nyuma ya nyumba jioni tukiangalia. Nyuki walikuwa wanatoka wamenyooka, hawazunguki, kama watu wanaojua wanakokwenda. Waliporudi walikuwa wazito hata wanaanguka kabla ya kufika mlangoni, wanamalizia safari kwa miguu. Wakali walikuwa wamepoa. Ungeweza kupita karibu na hakuna aliyejali. Jua likizama, harufu ya maua ilitoka ndani ya mizinga na kuja mpaka jikoni, pamoja na ule mvumo wa mabawa yanayokausha asali. Koko alifungua mfuniko mmoja kidogo, akanionyesha nta mpya kwenye vijiti vya juu, nyeupe kama meno ya mtoto. Kisha akanionyesha waya. Zilikuwa zimevutika kwa uzito.

"Hii si ya kawaida," alisema. "Hii ni ya mtu."

"Nani?"

"Nyuki haisemi jina."

Siku ya tatu Mama akapiga simu. Alisema anakuja Jumamosi.

Ningependa kuandika kwamba niliruka kwa furaha. Sikuruka. Niliosha sufuria iliyokuwa mkononi mwangu, nikaosha na ile iliyokwisha oshwa. Lakini kichwani nilikuwa nafanya kazi. Kama nyuki wamejaza kwa ajili ya Mama, basi Mama ni mgeni. Na mgeni, nilijua kwa Mjomba Lemayian, hakai. Anakunywa chai, anasifu, anaondoka. Nilitaka mama yangu akae. Hilo tu ndilo nililolitaka, na nililitaka bila joto lolote, kama mtu anavyotaka kufika nyumbani akiwa amechoka.

Alikuja mchana, amenenepa kidogo, na begi kubwa. Niliinamisha kichwa mbele yake jinsi tunavyosalimia wakubwa, akaweka mkono wake juu yake. Mkono ulikaa pale muda mrefu kuliko salamu inavyotaka. Nilingoja nihisi kitu. Nilihisi uzito wa mkono.

"Amekuwa mkubwa," alimwambia Koko juu ya kichwa changu.

"Wakiachwa wanakuwa," Koko alisema.

Baadaye nikatumwa maji. Niliporudi kila mmoja alikuwa anaangalia upande wake. Koko alisema atavuna jioni hiyo hiyo, maana sasa mgeni amefika.

Alivaa koti la mvua la Mjomba na kipande cha chandarua kichwani, akawasha samadi kavu kwenye mkebe, akaenda. Mama nami tulisubiri ndani na dirisha limefungwa. Mama aliniuliza kama nimekula. Nilisema nimekula. Ilikuwa kama simu, ila kredi haikuisha, kwa hiyo tukabaki tumetazamana.

Koko aliingia na beseni limejaa masega hata yanamwagika. Sijawahi kuona tena asali kama ile, nyeupe karibu kama mafuta ya ng'ombe. Akakata kipande, akakiweka kwenye sahani ya bati, akanipa.

"Mpelekee mgeni."

Nilivuka chumba. Zilikuwa hatua nne.

Mama aliitazama ile sahani, hakunyoosha mkono. "Mgeni gani, Yeyo?" alimwuliza mama yake. "Mimi nimezaliwa hapa. Mimi si mgeni wa mtu."

Sahani ilikuwa mikononi mwangu, na asali ilikuwa inatambaa kuelekea ukingoni. Niliona kwamba mtu lazima aonje, la sivyo itarudi kwa Mama tena, naye mwishowe ataichukua kwa adabu, na kesho kutwa atapanda gari. Nikamega pembe ya lile sega kwa vidole, nikaitia mdomoni.

Nasema ilikuwa tamu kwa sababu asali ni tamu. Ukweli ni kwamba sikuonja kitu. Nilitafuna nta mpaka ikawa kama karatasi, na nilikuwa nikimwangalia Koko. Kisu kilikuwa kimesimama hewani.

"Naserian," alisema. Aliliita jina langu mara moja, polepole, kisha akaendelea kukata. Mama akanyoosha mkono, akachukua sahani, akala.

Asubuhi, tukinywa chai, Koko alimwambia Mama mbele yangu, "Nasieku, jana umeniomba huyu mtoto. Mimi nilikukatalia. Nilisema mtoto ni wa hii boma, na hiyo maneno iishe."

"Ndiyo, Yeyo."

"Sasa si mimi niko na hiyo maneno." Akaelekeza kidevu nyuma ya nyumba, kwenye mizinga. "Mpeleke."

Ndipo nilipojua Mama alikuja kufanya nini. Hakuja kukaa. Alikuja kunichukua, na Koko alikuwa amekataa, na kama ningeacha mikono yangu kwenye sahani ningebaki. Nilitaka kusema nilikula kwa sababu gani. Kabla sijaanza, Mama akafungua lile begi kubwa. Ndani kulikuwa na sare ya shule, mpya. Sweta liliniishia kwenye viwiko. Alikuwa amemnunulia mtoto aliyemkumbuka.

Koko alinifungia nguo zangu kwenye leso. Alinitemea mate kidogo kwenye kichwa, baraka ya wazee wetu, akarudi ndani kabla hatujafika kwenye mti wa kwanza. Sikulia. Mama alinisifu njiani kwamba mimi ni mtoto jasiri.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Illasit nilipewa jembe kweli, la kupalilia vitunguu, na ilikuwa siku ya tatu. Kulikuwa na mume wa Mama, mtu mpole, na watoto wadogo wawili ambao hakuna aliyekuwa ameniambia habari zao. Nilisoma huko, nikakua, hakuna aliyenionea. Naandika hivi ili nisiwasingizie. Ila nyumba ile nayo ilikuwa na mahali pa kila mtu kabla sijafika, nami nikajifunza kukaa kwenye ukingo wa kiti.

Nikiwa mtu mzima nimelifikiria jambo hili kila upande. Nyuki walijaza kwa sababu mvua ilinyesha na oiti ikachanua, hilo najua. Ninayo mizinga mitatu mimi mwenyewe sasa, nyuma ya nyumba ninayopanga mjini Kitengela, na jirani ananiangalia vibaya. Najua pia kwamba Mama alilelewa ndani ya imani ile ile, kwa hiyo alipoikataa sahani alijua anachokikataa. Kama alijua pia mikono iliyobaki nayo ni ya nani, sijawahi kumwuliza. Nampigia simu kila Jumapili. Ananiuliza kama nimekula.

Mwezi uliopita nyuki wangu walianza kuanguka mlangoni kwa uzito. Nta ikawa nyeupe. Nilivuna, nikajaza chupa moja, nikaichukulia pikipiki hadi kwa Koko. Ni dakika ishirini. Amezeeka, macho yamepungua, mizinga yake imebaki miwili, na mahali pa ile oiti kuna ukuta wa mtu. Alinipa kiti. Akamimina ile asali kwenye sahani, akaiweka mbele yangu.

Nilimwambia, baada ya miaka yote hiyo, "Koko, siku ile nilikula ili Mama asiwe mgeni. Nilitaka akae hapa na sisi."

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Mtoto mwenye tamaa anakata kubwa," alisema. "Wewe ulikata kadogo."

Nje kuku walikuwa wanagombana.

"Sasa mbona ukaniacha niende?"

Alifikiri, au alipumzika, kwa umri wake huwezi kutofautisha.

"Nyuki haiulizi umekula kwa nini," alisema. Akaisogeza sahani. "Onja."

Ningeweza kumwambia kwamba asali ni yangu, nyuki ni wangu, na mimi nimelelewa kwenye chumba hiki. Lakini mkono wake ulikuwa umeshikilia ukingo wa sahani, na haukuwa unarudi nyuma.

Nikaonja. Nikamwambia ni tamu sana, asante. Wageni ndivyo wanavyosema.