Stika ya Tufaha

Fundi wetu wa kompyuta hapa Arua ana ukucha mrefu kwenye kidole gumba. Kila umeme ukikatika, ile kompyuta ya Mac aliyotuuzia husahau mipangilio yake ya kuwashia, ile ya BIOS, na kugoma kuwaka. Basi yeye huja, huinama, huiziba skrini kwa mgongo tusiione, kama mtu anayejisaidia kando ya barabara, huku akipiga mluzi wa nyimbo za kanisani. Leo Keji, mwenye studio tunamofanya kazi, alimuuliza taratibu, "Fundi, hii iko ya kiwanda ama iko ya mikono yako?"

Mluzi ukakatika. "Programu ya ndani iko Mac, mama."

"Na nje?"

Hakugeuka. Aliubandua kwa ukucha ule mchoro wa tufaha lililong'atwa uliobandikwa kwenye kasha, polepole, akautia mfukoni. Kisha akasogea pembeni, Keji aione skrini, yenye jina la kampuni nyingine kabisa.