Dada, Gemu na Baba Mkwe

Mimi nilikuwa mdomo, dada yangu alikuwa mikono. Ndivyo tulivyogawana lile gemu, na sioni aibu kusema kwamba bila mimi asingejua hata anapigana na nini. Nilikuwa kidato cha pili, Kiingereza changu kinachechemea lakini kinafika. Dada alikuwa ameishia darasa la saba, fundi cherehani, na vidole vyake vilikuwa na akili zake vyenyewe. Tulikaa mkekani sebuleni kwa mjomba, mtaa wa Kawajense, yeye na pedi ya kuchezea, mimi na tafsiri, na nyuma yetu watu wamejaa mpaka dirishani.

Mashine aliileta mjomba kwa treni kutoka Dar es Salaam, miaka ya tisini ikielekea mwisho. Ilikuja na gemu hilo moja tu, bila kadi ya kuhifadhia mchezo. Mjomba alidhani kadi ni mapambo, muuzaji anataka kumbambikia. Basi kila jenereta la mjomba lilipozimwa, kazi yote tuliyofanya ilifutika, na Jumapili ikija tunaanza moja. Nyumba nyingine wangelitupa. Sisi tulizidi kuwa wepesi. Dada alifika mahali akawa anazipita kona za mwanzo huku anabishana na mtu bei ya kushona gauni.

Lenyewe lilikuwa gemu la kutisha linalojiona sinema. Kuna chombo kikubwa kinasafiri angani kupeleka mbegu kwenye dunia nyingine. Mbegu zimeota ukungu, ukungu umeingia kwenye watu, na watu wamekuwa madude yenye mizizi inayotambaa. Amebaki mganga mmoja, binti, anatafuta njia ya kurudi kwao. Kila ukiua dude unapata nguvu, na nguvu hizo unazigawa mwenyewe: uongeze mikono, miguu au moyo. Kisha ghafla mchezo unasimama, inakuja sinema kabisa, vinanda vinalia, kamera inamzunguka yule binti machozi yakimdondoka. Mara ya kwanza tulidhani mashine imekufa, maana pedi ilikuwa haisikii. Mjomba akaipiga kofi.

Wakulima waliokuja kuangalia hawakuhitaji tafsiri yangu. Mama mmoja wa kijiji cha Kasokola alitazama lile ghala la mbegu, akasonya. "Wameingiza mbegu mbichi. Hawakuanika. Mnategemea nini?" Wazungu waliotengeneza gemu walikuwa wamejaza maelezo kurasa na kurasa, mimi nazitafsiri jasho linanitoka, na mama wa watu kashamaliza.

Halafu kulikuwa na suala la milango. Kila binti akitaka kuingia chumba kingine, kioo cha runinga kinakuwa cheusi, unabaki mlango peke yake unafunguka polepole. Shangazi, dada yake marehemu baba, hakuvumilia. "Huyu mtoto kalelewa wapi? Anaingia kwa watu bila hodi, halafu anashangaa wanamrukia!" Tangu siku hiyo sebule nzima ilikuwa inamsaidia. Mlango ukianza kufunguka, nusu ya watu "Hodi!" na nusu nyingine "Karibu!" Na nyie msicheke. Ukisema hodi kwa sauti, ule woga unapungua kweli.

Tatizo letu lilikuwa harusi. Dada alikuwa anaolewa Sibwesa, kwa watu wanaolima mpunga na mahindi, ambako umeme ulikuwa ni radi tu. Jumapili ninayoisimulia ilikuwa ya mwisho. Jumatatu mama angemfungia ndani mpaka siku ya kanisani. Na hatukuwa tumeuona mwisho wa gemu. Kila mara mafuta ya jenereta yalitukatia njiani, au dude fulani la chini kabisa kwenye chombo lilitumaliza. Nilitaka auone mwisho kabla hajaondoka. Nilitaka hivyo kuliko nilivyotaka gauni jipya, na mimi gauni nilikuwa nalitaka sana.

Kusema ukweli, nilikuwa namwonea huruma. Bwana harusi hakuwa na neno, mpole, ana meno mazuri. Shida ilikuwa baba yake. Sifa zake zilitangulia mpaka mjini: hacheki, akikohoa shambani watu wanashika majembe. Na kwetu sisi Wakonongo, mkamwana na baba mkwe hawakai chumba kimoja, hawatazamani, na neno likiwepo linapitia kwa mtu wa tatu. Kichwani nilishamwona dada yangu akiishi miaka yote ijayo anajificha nyuma ya milango ya mzee mkali, bila gemu, bila mimi. Nilipomwambia hivyo alinisukuma bega. "Wewe soma Kiingereza chako huko."

Siku hiyo tulianza mara tu baada ya misa ya kwanza. Dada alicheza nisivyowahi kumwona. Alikuwa hapigani na kila kitu tena. Madude mengine anayapita pembeni, anatunza risasi. Watu wakipiga kelele "Ongeza mikono! Ongeza mikono!" yeye anaongeza moyo. Jioni ilipoanza kuingia alilimaliza lile dude la chini, sebule ikalipuka, shangazi akapiga vigelegele mpaka mbuzi wa jirani wakaitika. Mbele yetu ukabaki mlango mmoja. Nikasoma maandishi: nyuma yake kuna mama wa ukungu, na nyuma ya mama wa ukungu kuna njia ya nyumbani. Nje, jenereta lilianza kukohoa. Mjomba akachungulia tangi, akarudi anatikisa kichwa. "Harakisheni. Yamebaki ya kulamba."

Dada akabonyeza. Mlango ukaanza kufunguka.

"Hodi!"

"Karibu!" tukaitika wote kwa furaha.

Akaingia baba mkwe.

Ile hodi ilikuwa yake. Alikuwa mlangoni kweli, koti jeusi, kofia mkononi, nyuma yake mdogo wake kabeba kuku. Walikuwa wamepitia kwetu, mama akawaelekeza kwa mjomba, maana mjomba ndiye aliyesimamia posa. Mtu akipiga hodi kwa wakwe, hukaa kwanza nje, wenyewe wapate muda wa kujipanga na binti apate muda wa kupotea. Sisi tulimkaribisha watu thelathini kwa mpigo. Angefanyaje?

Dada alijifunika kanga usoni, akatambaa, akatokomea mlango wa uani. Pedi ikaniangukia mapajani. Jamani! Mimi na pedi ni paka na maji. Nilimzungusha yule binti, nikampeleka ukutani, nikamgeuza, akagonga ukuta mwingine. Bahati nzuri ikaingia sinema ndefu ya mama wa ukungu, anajivuta kutoka darini. Mzee alipewa kiti, akasalimiwa na kila mtu kwa zamu, lakini salamu zenyewe zilikuwa hazina chumvi.

"Mbona mmenuna?" akauliza. "Mmefiwa?"

"Hapana, mkwe," mjomba akasema, mkono wake tayari kwenye swichi ya runinga. "Ni mchezo tu wa watoto. Tunazima."

Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponyoka. "Mzee, umemfukuza anayejua kucheza. Na akishaolewa hatauona mwisho milele."

Shangazi alinifinya mgongoni, alama ilikaa wiki nzima. Mzee akanitazama, akaitazama runinga, akatazama mlango wa uani, kanga inaonekana pembeni kidogo.

"Huyo binti wa humo ndani ya kioo anataka nini?" akauliza.

"Kurudi kwao," nikasema.

Akanyanyuka. Nikajua sasa harusi imevunjika na mimi ndiye niliyeivunja. Mzee akashika kiti chake, akakigeuza, akaketi akiutazama ukuta, mgongo kwetu sisi wote, kofia akaivaa mpaka kwenye nyusi.

"Mwiteni aje amalize," akasema. "Mimi simwoni, yeye hanioni. Mila inakataza macho, masikio haijayasema. Ila mnisimulie, nisikae hapa kama gunia."

Shangazi akataka kupinga. "Lakini mkwe..."

"Shangazi, mafuta yanaisha," mzee akamkatiza, amelisikia jenereta linavyokohoa.

Dada akarudi anainama, akachukua pedi kutoka mikononi mwangu bila kuniangalia. Kisha akaanza kazi. Sijawahi kutafsiri vile maishani mwangu. Nilikuwa nausimulia mgongo wa koti jeusi: "Sasa limemrushia mizizi, mzee! Amekwepa! Amejificha nyuma ya mapipa!" Na watu wananirekebisha, wananiongezea, mpaka mama wa Kasokola anapiga mapaja yake. Mzee naye ukutani anauliza. "Ana silaha gani?" "Amebakiza risasi?" "Moyo unamtosha?" Mara moja dude likamkumba binti likamwangusha, sebule ikaguna, nikaona mzee anataka kugeuza shingo. Akajizuia. Akashika magoti yake kwa mikono miwili.

"Ameamka?"

"Ameamka!"

"Haya. Twende."

Dada akapiga risasi ya mwisho. Mama wa ukungu akajikunja, akanyauka kama jani la tumbaku. Hatukushangilia hata, tulikuwa tunaogopa jenereta litasikia. Sinema ikaanza. Yule binti akapanda kichombo kidogo, akafunga mlango, akaegemeza kichwa kwenye dirisha. Nje nyota. Kwa mbali kitu cha buluu, kinakua, kinakua. Kioo kikawa cheupe, majina ya watengenezaji yakaanza kupanda juu, jenereta likakohoa mara ya mwisho, na runinga ikazimika.

Ukabaki mwanga wa jioni unaingia dirishani. Mzee alikuwa bado anautazama ukuta.

"Sasa huyo binti," akasema, "amefika kwao?"

Watu wote wakanigeukia mimi, mwenye Kiingereza. Na gemu halikuwa limesema. Nilitafuta kichwani neno lolote nililolisoma, sikupata, nikafungua mdomo hivyohivyo, kwa mara ya kwanza maishani bila kujua nitasema nini.

"Amefika, baba," dada akasema.

Shangazi akajiziba mdomo. Dada mwenyewe akainama, ameishika pedi kifuani kwa mikono miwili. Mzee hakugeuka. Alivua kofia yake taratibu, akaiweka gotini.

"Pole na safari, mwanangu," akauambia ukuta.