Pistoni Mpya ya Otukei

Mimi nauza chai Malaba, kando ya steji ya bodaboda iliyo karibu na foleni ya malori, na sipendi pikipiki. Naanza na hilo ili msidhani namtetea mtu. Otukei, mwendesha boda wa steji hiyo, nilimwambia mara nyingi kwamba mwanamume aliyevuka arobaini, mwenye mke na goti bovu, hana haja ya kwenda kushindana na vijana kwenye vumbi. Alikuwa akicheka tu, anachovya mandazi, ananiambia nimwongezee chai.

Maisha yake yote yalikuwa ya polepole. Atampeleka dereva wa lori na begi lake hadi mpakani, atarudi na mama mwenye kuku wa kuuza, na hatampita mtu njiani hata akipigiwa honi. Steji nzima walimwita Mzee wa Pole. Aliyejua moyo wake ni Emong peke yake, rafiki yake tangu shule ya msingi, ambaye pia aliendesha boda hapo hapo. Emong ndiye aliyeleta habari kwamba kikundi cha wapenda pikipiki kimekodi shamba huko Adungosi, na mahindi yakishavunwa kutakuwa na mashindano ya Jumamosi na Jumapili. Jumamosi mazoezi, Jumapili mbio zenyewe, na kulikuwa na mbio za wale ambao hawajawahi kushindana maishani.

"Hiyo ni yangu," Otukei alisema. "Hata nikuwe wa mwisho. Nataka tu siku moja bendera ishuke na mimi niende."

Sura aliyokuwa nayo siku hiyo sikuwa nimeiona kwake kabla. Nilimtania kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni, lakini nilisema kwa sauti ndogo.

Basi wakaanza kuivua pikipiki. Walitoa ule mwavuli mkubwa wa abiria, wakatoa keria, madigadi na vioo, mpaka chombo kikabaki mifupa. Namba yake ya mbio waliikata kwenye kibuyu cha plastiki cha mafuta ya kupikia. Kinga za magoti Otukei alizitengeneza kwa bomba la plastiki la maji, akalichemsha lilainike, akalipinda juu ya goti lake mwenyewe, na mkewe Phelister akalishonea kitambaa. Emong angekuwa fundi wake uwanjani, wa kushika spana na kumpa maji. Kila asubuhi kabla ya kazi wakawa wanakwenda njia za huko Adungosi, Otukei anapiga kona na Emong anamkemea. Nakiri walinipendeza, watu wazima wale.

Injini ndiyo iliyokuwa na shida, ilikuwa inatoa moshi. Wiki ya mashindano fundi Ochom akaipasua, akaweka pistoni na ringi mpya, kisha akampa Otukei maneno ambayo hata mimi niliyasikia nikiwa kwenye jiko langu.

"Hii sasa ni mama amejifungua jana," Ochom alisema. "Usimpatie jembe. Tembea na yeye polepole mpaka Jumapili."

Kwa polepole Otukei hakuhitaji kufundishwa. Aliibembeleza ile pikipiki kiasi kwamba baiskeli zilikuwa zinampita.

Halafu lori lililokuwa likirudi nyuma kwenye foleni likambana Emong na pikipiki yake. Alikufa kabla hawajamfikisha hospitali. Sitaki kueleza zaidi ya hapo.

Mazishi yakapangwa Ijumaa, nyumbani kwao Emong, ng'ambo tu ya lile shamba la mashindano. Sasa steji zetu zina desturi yao. Mwenzao akifa wanafunga matawi mabichi kwenye pikipiki, wanamsindikiza kwa msafara kutoka mochari, na jeneza likiwa juu ya kaburi wanasimama wote kulizunguka na kupiga resi, yaani wanavuta mafuta pikipiki zikiwa zimesimama, injini zilie mpaka jeneza lifike chini. Ndicho kilio chao. Mwenyekiti wao, Morris, alisema wazi kwamba asiyemlilia mwenzake kwa injini, naye atazikwa kimya.

Nilimwambia Otukei aazime pikipiki nyingine, kwa ajili ya ile pistoni mpya. Aliniangalia kana kwamba nimemtukana. Alisema kila nati ya ile pikipiki Emong aliigusa, na kwamba ataivuta kidogo tu, kwa heshima. Sikio la kufa halisikii dawa.

Ijumaa kaburini walimweka mbele kabisa, kwa kuwa ndiye aliyekuwa rafiki. Pikipiki zilipoanza kulia, nilimwona akivuta kidogo kama alivyosema. Kisha kamba zikaanza kuteremka, na uso wake ukabadilika, na mkono ukazunguka mpaka mwisho. Ochom alikuwa upande wa pili wa kaburi akimpungia mikono aache. Otukei hakuwa akiona mtu. Alikuwa analia mdomo wazi, na hakuna aliyemsikia kwa ule mngurumo. Injini yake ikapanda, ikapiga yowe jembamba, ikagonga mara moja ndani, ikakata. Alikanyaga kiki ya kuwashia, haikushuka. Alikanyaga tena kwa lile goti bovu. Pistoni ilikuwa imeshikana na silinda, na jeneza lilikuwa limefika chini.

Aliisukuma hadi kwake bila kukubali msaada. Jumamosi hakuonekana.

Jumapili tulirudi kwa marehemu, mimi kuchukua sufuria zangu, yeye kusaidia kushusha turubai. Upepo ulitoka upande wa shamba la mashindano, na injini zilisikika waziwazi. Kila ziliponguruma, Otukei aliacha kamba aliyoishika akasikiliza. Alikuwa amekonda kwa siku mbili.

Zilpa, mama yake Emong, alikuwa ameketi mkekani mlangoni. Akauliza kama watu wa steji wamerudi tena. Otukei akamjibu kwamba hapana, hao ni watu wanashindana tu.

"Hiyo sauti mimi siwezi tena," mama akasema. "Ijumaa nilituma waambie hao vijana wasilize pikipiki. Pikipiki ndiyo imenimalizia mtoto. Hakuna mtu alinisikia. Nikaziba masikio, nikaomba Mungu azime hata moja. Moja tu."

Akapangusa macho kwa pembe ya leso.

"Na moja ikazima. Sijui ilikuwa ya nani, mwanangu. Lakini hiyo moja nilishukuru."

Nilimtazama Otukei. Angeweza kusema kwamba ni yake. Aliinama, akaendelea kufungua fundo la kamba lililokuwa limekwisha kufunguka. Kule shambani injini zikapanda zote kwa pamoja, zikangoja, kisha zikaondoka. Bendera ilikuwa imeshuka.

"Pole, mama," Otukei akasema, na mimi nisiyependa pikipiki ndiye niliyelia.