Shahidi wa Upekuzi

Askari wawili walifika kwangu Kagerankanda asubuhi, nikianika maharage. Walisema wamepata taarifa kwamba nimeficha watu waliotoroka kambi ya wakimbizi. Nikasimama mlangoni. Redioni nilishasikia kwamba nyumba ya mtu haipekuliwi ovyo, lazima awepo shahidi asiye polisi. Nikawaambia bila shahidi hawaingii.

“Sawa, mama. Mwite,” alisema mkubwa wao.

Nikakosa wa kumtaja. Mume wangu alishafariki, watoto wako Dar, na majirani tunasalimiana njiani tu. Ikabidi askari wenyewe wakamlete jirani wa ng'ambo ya shamba, ambaye hakuwahi kukanyaga kwangu.

Walipekua vyumba vyote, jirani akiwafuata kama sheria inavyotaka. Aliona kitanda kilicholaliwa upande mmoja, sahani moja, kikombe kimoja, na viti vilivyojaa vumbi. Askari waliandika kwamba hakuna mtu aliyepatikana. Jirani akaweka sahihi bila kuniangalia. Haki yangu niliipata yote.

Jioni mke wake aliniletea ugali wa muhogo. Sikuupokea. Nilifunga mlango, nikabaki nimesimama palepale, nikisikiliza ndala zake mpaka zikaishia njiani.