Chupa Namba Kumi na Moja

Harufu ya mihogo iliyolowekwa siku tatu huijui mpaka ikupige usoni. Ni kali, ina uchachu, inashika kwenye nguo na nywele, na kule kwetu, upande wa Wamaza, katika eneo la Kasongo, ilimpokea mgeni kabla mtu yeyote hajamwamkia. Kijito chetu kilipita chini ya mashamba, na kando yake kila mwanamke alikuwa na shimo alilolichimba mwenyewe. Alilizungushia mawe, akatumbukiza humo mihogo yake michungu, akaifunika kwa majani ya migomba. Siku tatu, wakati mwingine nne, mpaka muhogo ulainike kidole kiingie. Ndipo ulitolewa, ukaanikwa, ukatwangwa. Unga wa mama yangu peke yake ndio haukuwa na harufu, angalau mwaka ule ninaousimulia, na ulikuwa mweupe kuliko wa jirani yeyote. Wanawake walikuja kuugusa kwa vidole wakatikisa vichwa. Mama alikuwa na maringo kidogo, sitamsingizia, na sifa zile zilimwingia.

Mwaka ule kiangazi kilikawia kuondoka. Kijito kilibaki uzi wa maji, maharage yalikauka kabla ya kutoa maua, na wachuuzi wa samaki waliacha kufika. Halafu wakaja wezi wa mashimo. Ukiamka asubuhi unakuta majani yamefunuliwa na mihogo yako haipo. Mama aliibiwa mara mbili, na mara ya pili alirudi nyumbani na beseni tupu, akaliangusha uani kwa kishindo na kuapa kwamba hakuna mtu atakayekula tena jasho lake. Tangu siku hiyo aliloweka jioni na kuitoa mihogo asubuhi yake, ingali migumu, akaikata vipande vidogo, akaianika juu ya paa ambako angeweza kuiona. Tulimwona mjanja. Mimi mwenyewe nilimsifu. Tulikula bugali ya unga ule mchana na jioni, kwa sombe, yale majani ya muhogo ya kutwanga, kama ilikuwepo, na siku nyingine kwa chumvi tu, kwa wiki nyingi mfululizo.

Nilikuwa na mdogo wangu wa kike, Furaha, mwenye miaka saba, mtoto asiyejua kutembea. Yeye alikimbia tu. Nyuma ya nyumba yetu aliishi shangazi Zabibu, dada mkubwa wa baba, mjane aliyerudi kwao baada ya mumewe kufariki huko Nyangwe. Alikuwa na ulimi wa utani usio na breki. Siku moja Furaha alipita mbio juu ya karanga zake alizozianika, akazitawanya zote, na shangazi akapiga kelele huku anacheka: "We mutoto! Hii miguu yako, siku moja itakukatalia!" Tulicheka sote. Mama naye alicheka, namkumbuka ameshika mchi.

Hazikupita wiki mbili. Asubuhi moja Furaha aliamka, akashika kidumu aende majini, na pale mlangoni magoti yakaanza kumtetemeka, akaanguka. Tulidhani anacheza. Alijaribu kusimama, akaanguka tena, halafu akatutazama, na macho yale bado ninayo. Hakuwa na homa. Hakulia kwamba anaumwa. Miguu ilikuwa imekakamaa tu, na baada ya siku kadhaa alipoweza kusimama kwa kushikilia ukuta, alisimama kwa ncha za vidole, magoti yamegongana, kama mtu anayetafuta kitu juu ya rafu. Muuguzi wa kituo cha afya alimpa vidonge na kusema hajawahi kuona jambo la namna hiyo. Basi, wakubwa wa ukoo walihitaji nini tena? Maneno ya shangazi kila mtu aliyasikia, na sasa yaliitwa laana. Baba mkubwa, kaka ya baba na mkuu wa familia yetu, alitangaza kwamba Alhamisi ndugu wote wakutane uani kwake, na kila mtu alijua wanakwenda kumjadili nani.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, mwaka wa pili wa sekondari, katika shule ya matofali ya udongo isiyo na hata kioo kimoja dirishani. Sayansi kwetu ilikuwa ni kunakili ubaoni. Tulichora darubini katika madaftari bila kuijua, tukachora moyo, tukachora jani. Mwalimu Ramazani, aliyetufundisha masomo hayo, alikwenda Kasongo kwa mafunzo ya majuma machache, akarudi nyuma ya pikipiki amekumbatia sanduku kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Ndani yake mlikuwa na kompyuta ndogo, projekta, na simu yenye kioo kipana. Umeme aliupata kutoka betri ya gari na sahani ya jua aliyoiegemeza nje. Alitundika shuka jeupe ukutani, akafunga madirisha kwa mikeka, akatuambia tutulie. Halafu kichwa cha mbu kikatokea, kikubwa kuliko mlango, na manyoya na macho yake. Mama yangu! Wasichana wa mbele waliruka juu ya madawati, na mvulana mmoja mwenye ndevu zinazoanza alitoka dirishani pamoja na mkeka. Tulicheka mpaka machozi. Sikujua kwamba shuka lile lingenionyesha kitu kingine.

Jumatatu Mwalimu alimwambia kila mwanafunzi alete unga wa kwao, kijiko kimoja, umefungwa katika karatasi. Niliubeba wa mama kwa fahari, nikijua utashinda. Mwalimu aliutia kila unga katika kichupa cha dawa ya sindano, akaongeza maji kidogo, akaning'iniza ndani kikaratasi cha njano kilicholowekwa dawa, akakifunga vizuri. Alibandika namba badala ya majina, ili mtu asichekwe. Yangu ilikuwa kumi na moja. Vichupa vikalala kabatini, tukaenda nyumbani.

Jumanne vikaratasi vilitolewa. Vingi vilikuwa njano bado, vingine vimeelekea rangi ya chungwa. Mwalimu alivipanga juu ya karatasi nyeupe, akavipiga picha kwa simu kimoja kimoja, na simu ikapima rangi na kuandika jibu, nasi tukaliona kwenye shuka. Salama. Salama. Kidogo. Salama. Ikafika kumi na moja. Kikaratasi kilikuwa na rangi ya kahawia, kahawia ya matofali yaliyoungua, na maandishi mekundu yakajaa ukutani: hatari kubwa. Darasa zima likaguna. Nilifikiri simu imekosea. Nilifikiri Mwalimu amechanganya vichupa. Nikasoma namba tena na tena, na ilikuwa ileile.

Mwalimu akaeleza, polepole, kwa kuwa alituona tumeshtuka. Muhogo mchungu una sumu. Maji ya siku tatu huilegeza na kuiondoa. Ukiutoa mapema, sumu inabaki, hata kama unga ni mweupe na haunuki, na mtu akiula kwa wiki nyingi bila samaki wala maharage, hasa mtoto, siku moja miguu inashikwa ghafla. Ndipo akafungua filamu fupi. Watoto wa mahali pengine, sikujua wapi, walitembea mbele yetu kwa ncha za vidole, magoti yanagongana, mikono imeshika ukuta. Nilimwona Furaha. Si kwamba walifanana naye kidogo. Ilikuwa hatua yake ileile. Nilishika dawati kwa mikono miwili na sikusikia tena kinachosemwa, ila nilisikia swali la mwisho.

"Namba kumi na moja ni ya nani? Asiogope. Anikute baada ya masomo, twende kwao pamoja."

Sikumkuta. Nilikusanya madaftari yangu nikaondoka na wengine, na nilipoulizwa njiani namba yangu nilisema tisa. Naomba msomaji anielewe, ingawa mimi mwenyewe sijielewi. Nilikuwa nimeelewa kila kitu. Nilijua shangazi Zabibu hana hatia. Lakini kumtoa shangazi hatiani maana yake ilikuwa kusimama mbele ya ukoo wa baba na kusema kwamba aliyemlemaza Furaha ni mama, kwa mikono yake, kwa unga wake wa sifa. Wangemrudisha kwao. Wangesema amemlisha mtoto sumu. Nilimtazama jioni ile akimsongea Furaha bugali, akimtengea tonge laini, akimpulizia lipoe, na nikamwangalia mdogo wangu anakula. Ndiyo. Nilimwangalia anakula. Nilichoweza kufanya ni kusema sina njaa.

Jumatano ilipita hivyo hivyo. Alhamisi tulikaa uani kwa baba mkubwa, watu wazima kwenye viti, sisi chini. Shangazi alivaa kitambaa chake kizuri, kana kwamba anakwenda ibadani. Baba mkubwa aliuliza: "Zabibu, ulisema ao haukusema kama miguu ya mutoto itamukatalia?" Akajibu: "Nilisema. Ilikuwa mchezo." "Na miguu iko namna gani leo?" Nani angekuwa na jibu? Mimi nilikuwa nalo, nimeketi hatua tano kutoka kwake, na nilichora chora mchangani kwa kijiti. Baba hakuinua kichwa. Mama alilia kwa sauti na kumwita dada ya mumewe jina ambalo sitaliandika. Baba mkubwa akaamuru aondoke, na kabla jua halijashuka shangazi alikuwa amefunga vitu vyake katika kitenge kimoja, akashika njia ya Kasongo kwa miguu, na watoto wa majirani walimfuata wakimzomea mpaka mwisho wa mashamba.

Kuzomea kule ndiko kulikonivunja. Ijumaa nilimkuta Mwalimu akifungua darasa, nikasema yote bila kuvuta pumzi. Hakunikaripia. Alipakia sanduku lake kwenye baiskeli tukaenda nyumbani, na pale pale uani, mbele ya baba na mama, akaweka unga katika vichupa viwili, wa kwetu na wa jirani, akaviacha kwenye kiti cha baba mpaka Jumamosi. Alipopiga picha, baba alichukua simu, akageuza kioo huku na huku, akamwomba arudie. Mwalimu akarudia. Mama alikuwa anachambua sombe. Alisimama, akaangalia kile kikaratasi chenyewe, wala si simu. Nilitarajia abishe, apige kelele, aniite mwongo. Alisema, "Basi ni miye," akakaa chini vumbini, miguu imenyooshwa mbele, na hatukuweza kumwinua.

Hakurudishwa kwao. Hilo nililoliogopa kuliko yote halikutokea kabisa. Baba alikwenda kwa kaka yake na kusema kosa ni la nyumba nzima, kwa kuwa sote tulimsifu, na wanawake wa kijijini wakapanga zamu ya kulinda mashimo ili kila muhogo umalize siku zake. Zamu! Dawa ilikuwa rahisi namna hiyo.

Baba aliazima pikipiki tukamfuata shangazi, na tulimpata Nyangwe kwa shemeji zake, ukingoni mwa mto, anapara samaki. Baba alipiga magoti, mtu mzima yule, akaomba radhi na kueleza habari za muhogo na simu na filamu. Shangazi aliendelea kupara. Kisha akanigeukia mimi.

"Ulijua siku gani?"

"Jumanne, shangazi."

"Na miye nilitoka siku gani?"

"Alhamisi."

Aliitikia kwa kichwa, akanawa mikono, akaingia ndani. Nilidhani anakwenda kuchukua kitenge chake. Alitoka na samaki wakavu waliofungwa kwa majani, mzigo mzima, akaniwekea mikononi. "Mupelekee mutoto. Munasema Mwalimu anataka akule samaki." Hakurudi nasi, siku ile wala siku nyingine yoyote, na alizikwa kule kule Nyangwe.

Furaha leo ni fundi wa kushona Kasongo. Anatembea kwa fimbo na ana watoto wawili ambao hawajui kutembea, wanakimbia tu. Miguu haikupona, ila haikuzidi kuharibika. Mimi nafundisha sayansi. Shule yangu ina kompyuta zetu wenyewe, nusu ya wanafunzi wana simu mfukoni, na ukiwaonyesha kichwa cha mbu wanapiga miayo. Wameshaona makubwa kuliko hayo. Kitu pekee ambacho bado kinawanyamazisha ni unga wa kwao. Muhula uliopita kikaratasi kimoja kilitoka kahawia. Niliuliza ni cha nani, kila mtu akatazama mwenzake, na nikamwona msichana mmoja wa dawati la tatu ameinamisha kichwa, anachora chora daftarini. Sikungoja amalize masomo. Niliwaacha wengine arobaini katikati ya somo, kompyuta inawaka, nikamshika mkono, tukapanda pikipiki mpaka kwao, na mama yake alikuwa bado hajasonga bugali ya mchana.

Prefe, yaani mkuu wa shule, aliniita ofisini kesho yake, amekasirika, akataka nieleze kwa maandishi kwa nini nimetelekeza darasa. Niliandika mstari mmoja tu, kwamba mara ya kwanza nilichelewa siku mbili.