Ubeti wa Nne wa Bibi Ndeshi

Mwanangu Manka, kila nikishika mundu wa kukatia majani inanirudia siku moja ya mwezi wa saba. Nilikuwa nimesimama uwanjani kwa Bibi Ndeshi, mzigo wa majani kichwani, nikaulizwa swali rahisi kuliko yote niliyowahi kuulizwa. Nikalijibu vibaya.

Usicheke kwamba nakuita mwanangu. Najua tumepishana miaka minne tu. Lakini mama alipokuwa akishuka sokoni na ndizi zake, mgongo uliokubeba ni huu, na ulikuwa mzito wewe, usijidanganye. Januari unaanza kidato cha kwanza pale nilipomaliza mimi, na umeshatangaza nyumba nzima kwamba utajiunga na klabu ya muziki. Basi kabla hujaenda, soma hapa. Ningekwambia kwa mdomo, lakini unanijua: ningefika sentensi ya pili nikaanza kuangalia dari.

Mwaka huu klabu yetu iliamua kutengeneza video ya wimbo kwa ajili ya mahafali. Siyo wimbo wetu. Ni ule wimbo wa zamani wa kwaya unaoimbwa huku Uru kila Desemba inapokaribia, wa mama anayesubiri wanawe warudi kutoka mijini kula Krismasi. Kanda yake ilirekodiwa kabla mama yetu hajaolewa, na siku hizi watu wanatumiana kwenye simu. Ubeti wa kwanza mama anafagia uwanja. Wa pili chungu cha kiburu kiko mekoni, ndizi na maharage vimeiva, na hakuna wa kupakuliwa. Wa tatu anasikia honi kule barabarani, anatoka, anasimama mlangoni. Hapo kanda inakatika. Hakuna anayejua kama watoto walikuja.

Na hapo ndipo tulipogombana. Goodluck wa Pasua, ambaye alijipa mwenyewe cheo cha dairekta kwa sababu simu ya kaka yake ina kamera nzuri, alitaka waje.

"Tunachukua gari la anko," alisema. "Linapanda taratibu, vioo vyote chini, mama anakimbia na kanga inapepea."

"Hiyo ni video ya harusi, ndugu yangu," Glory akamjibu. Yeye ndiye angeigiza mama. "Hawaji. Anafunga mlango, basi, watu walie."

"Walie? Wazazi wamekuja mahafali kula pilau, wewe unawaliza?"

Mimi nilikuwa mwandishi wa mpango. Walinichagua kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, na nadhani pia kwa sababu mwandishi hatakiwi kusema sana. Nilikuwa nimechora visanduku kumi na viwili kwenye daftari, kila kisanduku picha moja: fagio, chungu, miguu ya mama kwenye majani yenye umande. Kibo tulikipanga asubuhi kabisa, kabla ya saa tatu, maana baada ya hapo mlima unajifunika na haukungoji. Kisanduku cha kumi na mbili kilikuwa kitupu.

Mwalimu mlezi wetu aliangalia kile kisanduku kitupu akasema, "Mwenye wimbo, Bibi Ndeshi, yuko hai, yuko Uru. Kwa nini msimuulize? Na ruhusa yake mnayo?"

Wote wakanigeukia. "Haika, si jirani yenu huyo?"

Nikasema ndiyo. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

Sasa wewe unajua desturi yetu. Huendi kumwomba mzee jambo la maana mikono mitupu, na mzee naye hakuulizi umefuata nini. Anapokea ulicholeta, anakaa, anasubiri neno lako. Nikakata mzigo mzuri wa majani kwa ajili ya ng'ombe wake, yule aliyemwita Mgeni. Alimpa jina hilo, alisema, ili asikose mgeni nyumbani.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Oo, Mgeni leo atakula kama yuko mjini."

Tukaongea habari za mvua. Tukaongea habari za goti la mama. Akanipa kikombe cha maziwa, nikayanywa yote, nikaaga. Njiani nilikuwa nasema lile ombi kwa sauti, peke yangu kwenye migomba, na lilikuwa zuri, lina mwanzo na mwisho.

Ijumaa Goodluck akauliza, "Vipi, amekubali?"

"Bado anafikiria," nikasema. Uongo wa kwanza ulikuwa mdogo hivyo.

Mara ya pili nilimkuta bandani, amenipa mgongo, anamlisha Mgeni huku anaimba puani. Ulikuwa ule wimbo. Nikasimama nyuma ya mgomba nimngoje amalize. Sauti ikafika pale ambapo kanda hukatika, nayo haikukatika, Manka. Iliendelea. Ilishuka polepole kama mtu anayeshuka kwenye bonde akishika miti, halafu ikapanda ghafla mahali ambapo sikutegemea, ikakaa huko juu kidogo, ikaisha. Haikuwa na maneno, ni sauti tu.

Ungedhani hapo ningemuuliza. Nilimuuliza kama ukwato wa Mgeni umepona.

Ijumaa ile nilichoka kuangaliwa. Goodluck aliponiuliza nikasema, "Amekubali." Glory akauliza, "Na mwisho?" Nikasema, "Wanakuja." Goodluck akarukaruka juu ya dawati, Glory akamrushia chaki. Nami nikachora gari kwenye kisanduku cha kumi na mbili kwa mkono wangu mwenyewe, na vioo vyake vyote chini.

Utaniuliza kwa nini nilirudi mara ya tatu kama nilishasema uongo. Nilitaka kuugeuza uwe kweli. Nilifikiri, nikimuuliza leo, ule uongo utakuwa haukuwa uongo, ni ukweli uliotangulia. Ndivyo nilivyojidanganya nikipanda ule mlima mdogo na majani kichwani.

Bibi Ndeshi alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Hakusubiri nitue.

"Haika mwanangu. Hii ni mara ya tatu unaleta majani. Una neno?"

Ndilo hilo swali. Mpaka akavunja desturi yake akanifungulia mlango mwenyewe. Nami nikasema, "Hapana Bibi. Nimekuja kukusalimia tu."

Hakukasirika.

"Haya. Salamu nazo ni kitu. Nasikia mnauimba wimbo wangu huko shuleni. Nikuambie jambo. Siku ile ya kurekodi, fundi alisema kanda imejaa, tuishie hapo. Mimi nilijua ina upande wa pili. Niliuona kwa macho, upande mtupu. Lakini nilikuwa binti, wenzangu wamechoka, wanataka kwenda nyumbani, na mimi ni mtu wa haya kama wewe. Nikanyamaza. Sasa ubeti mmoja nimekaa nao miaka yote hii. Na hakuna aliyewahi kuja kuuomba."

Kisha akasubiri neno langu. Uso wake ulikuwa karibu na wangu. Niliona midomo yake iko tayari.

Nikasema, "Bibi, maziwa yanachemka jikoni, yatamwagika."

Akacheka, cheko fupi. "Kayatoe basi. Lakini siku ukiwa na neno, njoo nalo. Hata bila majani. Umesikia?"

"Nimesikia Bibi."

Jumatatu yake tukaingia kambi ya mitihani, wiki mbili tunalala shuleni. Huko niliamua. Niliandika swali kwenye karatasi, nikajiambia nikitoka hapa naenda moja kwa moja, mikono mitupu, na kinywa kikigoma nampa karatasi. Jumamosi ya kutoka nilipanda mpaka hapa nyumbani kuweka begi tu. Nikakukuta wewe unachota maji kwa ajili ya ng'ombe wawili. Unakumbuka? Nilikuuliza, "Mbona Mgeni yuko kwetu?" Ukasema, "Kamuulize mama," na ukaendelea kuchota.

Bibi Ndeshi alianguka Jumanne, nikiwa kambini. Kiharusi. Mwanawe alikuja kutoka Dar es Salaam siku ya pili, mkasema gari lake lilipanda mwinuko taratibu, vioo vyote chini ili asalimie majirani. Akamchukua, akafunga nyumba. Kama nilivyochora, Manka. Watoto walikuja.

Mama alimpigia simu huyo mwanawe, nikaomba kuongea. Yule kaka akamwekea mama yake simu sikioni. Nikasikia pumzi. Basi nikasema yote, bila kituo, ruhusa na uongo wangu na kisanduku cha kumi na mbili. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mkupuo.

Kaka akarudi kwenye simu. "Maneno hayatoki, mdogo wangu. Lakini anasikia. Kuhusu ruhusa ameitikia kwa kichwa, tena mara mbili."

"Na watoto kwenye wimbo," nikauliza, "wanakuja?"

Akamuuliza mama yake. "Ameitikia. Halafu anakataa. Halafu anaitikia tena, na mkono umeshika shuka. Sijui nikuambie nini. Labda siyo jambo la ndiyo au hapana."

Ijumaa nilisimama mbele ya klabu. Nikasema, "Nilisema uongo. Sikuwahi kumuuliza."

"Subiri kwanza," Goodluck akasema. "Lile gari nimelibembeleza kwa anko, nimeliosha mpaka matairi, ni kwa ajili ya uongo?"

"Nyamaza, Goodluck," Glory akamkata. "Haika anaongea. Lini mara ya mwisho umemsikia Haika akiongea?"

Nikawaeleza yote. Nikawaambia maneno sina, nina sauti tu, ile niliyoisikia nyuma ya mgomba. Mwalimu akasema, "Basi tupe hiyo." Nikageukia dirishani, nikaiimba puani hivyo hivyo, ikashuka kwenye bonde lake na kupanda pale isipotegemewa. Nilipogeuka, Glory alikuwa ameshachukua kifutio, anafuta gari langu. Goodluck hakumzuia. Alikuwa anatazama chini.

Tulipiga picha kwenye uwanja wa Bibi Ndeshi, asubuhi, Kibo kikiwa cheupe nyuma ya paa. Glory alifagia, alipakua, alisimama mlangoni akitazama barabara. Kisha yeye anaondoka kwenye picha, unabaki mlango, kufuli, na sauti isiyo na maneno. Sauti hiyo ni yangu. Mahafali ukumbi mzima ulinyamaza, hata waliokuja kwa ajili ya pilau. Baba mmoja aliyekaa mstari wa mbele akauliza kwa nguvu, "Sasa maneno yako wapi?" Watu wakamwambia shhh. Mimi nilitamani kumjibu, Manka. Mpaka leo natamani.

Yule kaka amesema Desemba hii, daktari akiruhusu, atamleta mama yake nyumbani kwa Krismasi. Anasema siku hizi anatoa neno moja moja. Juzi amesema "maji". Ndiyo maana kila asubuhi unaniona napanda na fagio, na wewe unanicheka kwamba nafagia uwanja wa nyumba isiyo na mtu. Najua. Nimemwimbia Mgeni ile sauti kila siku nikimlisha, nisije nikaisahau hata kona moja, ili siku Bibi akirudi akiwa na maneno mawili au matatu, yapate pa kukaa.

Basi neno langu kwako ni hili, mwanangu. Huko uendako watakuchagua kuandika, watakuchagua kuimba, watakutuma kwa watu. Ukitumwa kuuliza, uliza siku ya kwanza. Sauti ikitoka ndogo, iache itoke ndogo. Ikitoka inatetemeka, iache itetemeke. Mtu unayemwogopa mara nyingi amekaa kwenye kigoda chake anakungoja wewe umwombe, na hana siku nyingi kama unavyomhesabia. Na ukishashindwa kuuliza, usijaze mwenyewe kisanduku cha mwenzako. Sema, "Sijamuuliza." Watakucheka siku moja. Mimi wangenicheka siku moja tu. Na kama wimbo ni wa mtu, anza kwa mwenye wimbo, kamera baadaye. Na usiwe na haya ya kusema kanda ina upande wa pili. Hata kama wote wamechoka wanataka kwenda nyumbani, wewe sema.

Nakuombea Mungu akufungulie kinywa mapema kuliko alivyonifungulia mimi. Akupe wazee wenye subira ya kukuuliza, na akupe jibu siku hiyo hiyo. Usikae na ubeti wa mtu, wala wako usikae nawe. Uende salama, na hata ukihamia mjini siku moja, urudi kila Desemba, ukute uwanja umefagiliwa. Amina.

Sasa funga daftari, kata majani, Mgeni hajala. Nimesikia honi kule chini. Natoka mara moja kuangalia.