Ukuta Uliokuwa na Moto

Andika kama ninavyosema, wala usinitengenezee maneno. Mimi sikuingia darasani hata siku moja, lakini najua jambo hili lilivyokwenda.

Babu yako alikuwa na kifua kibovu. Ujana wake aliumaliza Kamituga, katika mashimo ya dhahabu, na vumbi la kule lilirudi naye nyumbani likakaa. Vita vilipotufikia hakuwa tena mtu wa kazi. Alishinda kitandani, na pumzi zilipombana alitumia pampu ndogo ya plastiki, ile ya kupuliza dawa mdomoni. Pampu hiyo niliipata kwa shida, katika mji ambao maduka ya dawa yalikuwa yakiuza sabuni tu, na kwa hiyo niliitunza mimi. Niliiweka juu ya rafu ya mbao, upande wa miguu ya kitanda, ili asiitumie ovyo. Nilipokuwapo, aliniomba. Nilipokuwa sokoni, alijinyoosha akaichukua, kisha nikirudi akanieleza ameitumia mara ngapi. Ndivyo nilivyoiendesha nyumba yangu.

Tulikaa kwenye mteremko juu ya soko la Nyawera, katika nyumba ya mbao iliyovikwa mabati ya mapipa yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Mlango nao ulikuwa wa bati. Umeme ulitufikia kwa sababu moja tu: mkubwa mmoja wa wanajeshi walioushika mji alikuwa amechukua nyumba ya matofali iliyokuwa juu yetu, baada ya wenyewe kukimbia. Waya wake ulipitia kwenye nguzo iliyosimama kando ya choo chetu. Fundi mmoja wa umeme, mtu wa makamo mwenye sauti ndogo, alituunganisha kwenye nguzo hiyo, akausokota waya wetu pamoja na wa mkubwa. Waya mpya haukuwa ukiingia mjini siku hizo. Alitumia vipande vya zamani, akavifunga kwa mpira wa baiskeli. Mitaa mingine ilikaa gizani juma zima. Sisi tuliwaka, kwa kuwa mkubwa aliwaka.

Siku hiyo nilikuwa Nyawera nikiuza maharage niliyoyanunua kwa wakulima wa Mudaka. Mvua yenye upepo ilianza kabla ya saa sita. Nikafunika mzigo wangu, nikapanda nyumbani. Nilipoushika mlango, mkono ulirudishwa kwa nguvu hadi begani, nikajikuta nimekaa kwenye matope. Nikainuka, nikajaribu kwa ncha ya kidole upande mwingine wa nyumba. Ilikuwa vilevile. Ukuta mzima ulikuwa na moto.

Sisi wa huku tuna neno moja kwa mambo mawili: moto wa jikoni ni moto, na moto wa waya ni moto. Sikufikiri. Nilipaza sauti, "Moto! Nyumba iko na moto!" Na majirani wakafanya wanachofanya majirani wema wakisikia neno hilo. Walitoka nje kwenye mvua na mabeseni na ndoo, na kabla sijapanga maneno mengine, maji yalikuwa yamekwisha kumwagwa ukutani mara tatu. Jirani wa mkono wa kuume, mshona viatu, mtu wa maneno mengi, alisogea karibu kuliko wote. Akarushwa, ndoo ikaanguka upande wake na yeye upande wake.

"Maman, moto yenyewe iko wapi?" aliuliza mke wake, huku akimvuta kwa miguu. "Sioni hata moshi!"

"Moto ya waya!" nilimwambia. "Imeingia ndani ya bati. Nani alikutuma ulete maji?"

"Si wewe? Ulilia moto, tukaleta maji. Ungelia waya, tungeleta nini? Mukate?"

Watu wawili walicheka. Kisha wakaona jinsi mkono wa mshona viatu ulivyokuwa ukitetemeka, wakarudi nyuma kutoka ukutani. Maji yakapita chini ya ukuta yakaingia ndani, maana sakafu yetu ilikuwa ya udongo.

Ndipo nikaisikia sauti ya babu yako.

"Mama watoto, kuna nini huko?"

"Usishuke," nilimjibu. "Bati limeshika umeme na chini kuna maji. Kaa katikati ya kitanda, kunja miguu."

"Pumzi inanikaba."

"Nimesema kaa."

"Nitakaa. Lakini pampu iko karibu. Acha nijinyooshe kidogo tu."

Rafu ilikuwa imepigiliwa kwenye ukuta uleule. Nikautazama tena mkono wa mshona viatu, nao ulikuwa bado hautulii. Nikasema kwa sauti iliyosikika mtaa mzima: "Usiguse rafu, usiguse pampu, usiguse chochote mpaka nirudi. Umenisikia?"

"Nimekusikia," alisema.

Katika miaka yote ya ndoa yetu, babu yako hakupata kusema amenisikia kisha akafanya jambo jingine.

Nilishuka mbio hadi Nyawera. Fundi alikuwa amekaa chini ya upenu wa duka lililofungwa, akitengeneza pasi.

"Fundi, simama."

"Maman, nimeshika pasi ya watu."

"Iache. Muzee yuko ndani, na nyumba yote imeshika umeme."

Hakuuliza ilikuwaje. Aliuliza jambo moja tu: "Kitanda chake ni cha mbao ama cha chuma?"

"Cha mbao."

"Basi iko muzima. Twende."

Alichukua koleo lake lenye mikono ya mpira, na bisibisi ile yenye taa ndogo ndani ambayo huwaka ikigusa umeme. Tulipofika aliigusisha bisibisi mlangoni, na taa ikawaka. Akazunguka nyumba akiinua macho kwenye paa. Upepo ulikuwa umeusugua waya kwenye ukingo wa bati mpaka ngozi yake ikachubuka. Alinieleza kwamba juu ya paa lile lililolowa hakuna mtu angeweza kupanda akashuka mzima. Njia ilikuwa moja: kuufungua waya wetu kule kwenye nguzo. Lakini kwenye nguzo tulikuwa tumesokotwa pamoja na mkubwa. Ili kututoa sisi, ilimpasa kuwazima wote kwa muda wa kusali Salamu Maria kumi.

Akaita, "Papa! Uko sawa humo ndani?"

Babu yako aligonga ubao wa kitanda mara mbili.

"Mbona hasemi?" fundi aliniuliza.

"Kifua chake ndivyo kilivyo," nilijibu.

Habari ya pampu sikumweleza. Kwangu jambo hilo lilikuwa limekwisha, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kulikataza.

"Kata sasa," nikamwambia.

"Bila ruhusa? Maman, juzi balbu moja iliungua kule juu, walinzi wakafikiri wamevamiwa. Walipiga risasi kwenye migomba mpaka ikaanguka. Nikizima nyumba yote, watapiga huku chini, na mimi niko juu ya nguzo kama ndege."

Tulipanda hadi kwenye lango la mkubwa. Walikuwapo walinzi wawili chini ya turubai. Ndani ya ua ulisikika mlio wa mashine, mwembamba, usiokatika. Fundi alieleza shida yetu kwa unyenyekevu, kofia mkononi. Mlinzi mmoja alimsikiliza mpaka mwisho.

"Haiwezekani," akasema. "Chef, mukubwa wetu, iko ananyolewa na mashini. Mukizima, yeye atabakia na nusu ya kichwa, na mimi nitabakia bila kichwa."

Mwenzake akacheka mpaka akakohoa.

"Chef, kuna mutu anakufa pale chini," fundi alimwambia mlinzi.

"Mutu anakufa kila fasi ya huu muji," mlinzi alijibu bila hasira. "Nani alikuambia kufa kwenu kunapita nywele za mukubwa?"

Mimi, ambaye nyumbani kwangu hakuna aliyenirudishia neno, nilipiga magoti kwenye maji ya mvua mbele ya mtu mwenye umri wa mwanangu. Liandike na hilo. Aliniambia niinuke, kwa kuwa nilikuwa nikiziba njia ya gari. Tukasimama kando ya ukuta tukiusikiliza ule mlio. Ulipokatika, fundi alivaa kofia yake, nikadhani kazi imekwisha. Ukaanza tena.

"Sasa ni ndevu," mlinzi akatuarifu.

Mvua iliisha tukiwa pale. Hatimaye akatoka kinyozi, akikung'uta kitambaa chake. Alitutazama, akainamisha macho, akapita. Mlinzi akaingia ndani, akarudi.

"Dakika tano. Ya sita, tunapiga."

Fundi alishuka ule mteremko kwa namna ambayo sikudhani mtu wa umri wake angeweza. Alipanda nguzo, akazima, akausokotoa waya wetu huku midomo yake ikicheza. Sijui kama alisali au alihesabu. Kisha ukaanguka kwenye majani, yeye akamrudishia mkubwa umeme, akaniita, "Fungua!" Nikaushika mlango. Ulikuwa bati tu, baridi na lenye maji.

Babu yako alikuwa katikati ya kitanda, amekunja miguu, mikono ameibana kwapani, kama nilivyomwagiza. Alikuwa ameuelekeza uso kwenye rafu. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi, na pumzi iliyobaki haikuinua hata shati. Nilichukua pampu, nikamtia mdomoni, nikaibonyeza. Dawa ilitoka pembeni mwa midomo, kwani hakuwa na nguvu ya kuivuta. Nikabonyeza tena. Fundi aliingia, akamwinua peke yake, akamtoa nje penye hewa. Babu yako alikata roho kabla hajafikishwa kwenye majani, mbele ya majirani waliokuwa wamesimama na mabeseni yao matupu. Kule juu taa zilikuwa zimekwisha kuwaka, na mtu alikuwa amefungua redio.

Tulipomrudisha ndani na kumlaza, wanawake walitoka kutafuta shuka safi. Nilibaki na fundi. Niliona anaitazama rafu. Aliupapasa ubao wake kwa kiganja, kisha akaitazama pampu niliyoishika.

"Maman, hiyo ilikuwa juu ya hii mbao?"

"Ndiyo."

"Muzee alijua iko hapa?"

"Alijua. Aliniomba, nikamkataza."

Akaanza kukusanya vyombo vyake.

"Wewe ni fundi," nilimwambia. "Angeigusa, umeme ungemkamata?"

"Maman, wacha tumushugulikie muzee kwanza."

"Nimekuuliza."

"Mbao ilikuwa kavu," akasema. "Na hiyo ni plastiki."

"Basi?"

"Haingemufanya kitu."

Alisema polepole, akiwa ameupa mlango mgongo, na hakuna mwingine aliyesikia.

Siku ya pili ya matanga fundi alikuja na mfuko wa makaa, akakaa pamoja na wanaume. Watu walikuwa wakisimuliana jinsi umeme ulivyomuua mzee. Mke wa mshona viatu, ambaye maji waliyoyamwaga yalikuwa yakimsumbua moyoni, alisema umeme haukuingia kwenye bati wenyewe. Ulipitia waya mbovu uliofungwa kwa mpira wa baiskeli, na waya huo ulifungwa na mtu. Wote wakageuka.

"Papa fundi," mshona viatu alisema, mkono wake uliorushwa na umeme ukiwa bado umefungwa kitambaa, "wewe huunganishi watu na umeme. Unawaunganisha na mbingu moja kwa moja."

Kikatoka kicheko kidogo, kama kitokavyo matangani. Fundi alinitazama mimi. Hakunisihi, alingoja tu, kama mtu anayengoja mwenye nyumba atafute ufunguo. Ilinitosha kusema neno moja: umeme haukumgusa. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wa wajane, mahali ambapo hakuna mtu angethubutu kuniuliza lolote, nami nikakaza macho kwenye mkeka. Aliweka kikombe chake chini, akaaga kwa adabu, akaenda.

Baada ya hapo hakuna aliyempa kazi, hata ya pasi. Nyawera walimwita fundi wa mbingu, na jina lile lilifika mitaa ambayo hakupata kutengeneza hata balbu. Nilipita mbele ya upenu wake kila siku ya soko. Alinisalimu kila siku, "Maman, jambo," nami nikaitikia. Maneno mawili, mbao kavu na plastiki, yangetosha kumrudishia kazi yake na kuniharibia mimi. Hakuyasema. Kisha upenu ukakaa mtupu. Wengine walisema ameipeleka familia yake Kamituga, wengine walisema walimwona njiani akiwa peke yake, wakati ambao watu walikuwa wakipotea njiani. Sikumtuma mtu aulize.

Mama yako na ndugu zake wamekua wakijua kwamba baba yao aliuawa na umeme na fundi mbaya. Wamewasimulia wake na waume zao mbele yangu, nami nimekuwa nikipitisha chakula. Sasa wewe umeandika ilivyokuwa, na utawasomea, na watanitazama watakavyonitazama. Hilo nitalivumilia. Lakini yule mtu halitamfikia. Hata ningetaka utangaze katika kanisa lote na katika soko lote, sina jina la kukupa. Tulimwita fundi, na mimi sikumuuliza jina lake.